Sema Unachokiona

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta kwenye foleni ya shule ya udereva, na miaka yangu arobaini na sita, nyuma ya vijana ambao huenda nimewapokea mimi wakizaliwa. Nimeandikishwa. Daftari hili lilikuwa la kuandikia uzito wa watoto kliniki. Kurasa zilizobaki nazichukua, maana kuna mambo nataka yawe na tarehe.

La kwanza ni hili. Zahanati yetu ina manesi wawili: mimi mkunga, na mwenzangu ambaye wagonjwa wote humwita Dada wa Chanjo. Dereva amestaafu na hataletwa mwingine. Msimamizi ametuambia wazi kwamba atakayekuwa na leseni ifikapo tarehe kumi Mei ndiye atakayebaki hapa na kuendesha gari la zahanati. Mwingine atahamishiwa kituo cha ng'ambo ya mlima, safari ya siku nzima. Nikihamishwa mimi, Baba anabaki na nani? Tangu apigwe na kiharusi upande wake wa kushoto hauna nguvu. Namwogesha mimi, namvalisha mimi, dawa nampa mimi. Nilimwuliza kama tungeweza kwenda wote huko, akasema nyumba hii hakuijenga ili aje kufia kwa watu.

La pili: aliyenielekeza kwa mwalimu nitakayeanza naye ni Dada wa Chanjo mwenyewe. Mwalimu ni mjomba wake, na yeye amejifunza kwingine, shule ya karibu na soko, bado mtihani tu. Nikamwuliza mbona hakujifunza kwa mjomba wake. Akasema wangegombana. Sababu nimeiandika kama alivyoitoa, na sijaiamini.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu ni mrefu, mkavu, kofia mpaka kwenye nyusi, na miwani nyeusi asubuhi ya mvua kama mtu anayekwenda harusini. Wanafunzi humwita Mzee Klachi, lakini si mbele yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku anafunga mlango.

Upande wake kuna pedali ya breki. Aliigonga kwa kiatu akaniambia hiyo ndiyo roho yangu, nisiwe na hofu. Baada ya hapo hakusema neno jema hata moja. Eti nashika usukani kama nakamua nguo. Eti klachi yangu ina kwikwi. Gari lilizimika mara saba.

Ijumaa, 8 Machi

Limezimika mara nne. Nimetukanwa mara tano.

Jumatano, 13 Machi

Huyu mtu kuna namna anayonifanyia.

Ana mtindo wake mmoja: nikiendesha, lazima nitaje kwa sauti kila kitu kilicho mbele yangu. Vibao, watu, mbuzi, madimbwi, gari lililoegeshwa, limeegeshwa upande gani. "Sema unachokiona," ndiyo wimbo wake. Nikinyamaza hatua ishirini anagonga dashibodi kwa kalamu. Leo nilipitwa na kibao kimoja, akanisimamisha, akaniamuru nishuke nikakisome kwa sauti pale kilipo. Mama mzima, sare ya unesi, nimesimama kwenye matope nasoma "Punguza mwendo" kama mtoto wa darasa la kwanza. Watu wa kituo cha basi walicheka mpaka wakashikana.

Halafu kuna kadi. Kila mwanafunzi ana kadi ya masomo ambayo mwalimu huijaza kila siku. Yangu ananiambia nijaze mwenyewe. Nikishaandika tarehe na nilichojifunza, anataka nimwonyeshe kwa kidole pa kutia sahihi, na sahihi yenyewe inapanda kilima inatoka nje ya mstari. Nimeelewa mchezo wake. Siku ya mtihani atasema hakuna hata neno moja aliloandika yeye.

Jumatano, 20 Machi

Njia ni ileile tangu siku ya kwanza: langoni, mashine ya kusaga, shule ya msingi, darajani, turudi. Kila nikiomba tufike barabara kuu, ananiambia bado sijaiva.

Ila kwa shimo nimvulie kofia. Kabla sijaliona mimi, yeye amekwisha kusema, "Shimo, kushoto." Nikasema moyoni, mzee ana jicho la mwewe.

Jioni Dada wa Chanjo akanifuata stoo. Mmepita wapi leo? Mjomba amekuambia nini? Umefikaje, hamkupata tatizo? Anauliza hivyohivyo kila siku ya somo. Nikamjibu mkato. Mtu anayegombea nafasi moja na mimi anataka nini na habari za safari yangu?

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Hakuna somo. Baba hakutaka kuoga, tumeshindana mpaka saa nne.

Jumatatu, 1 Aprili

Leo nimepata ushahidi.

Mafundi wa barabara walikuja mwishoni mwa wiki wakaliziba lile shimo la karibu na mashine, wakalishindilia kokoto, ukipita husikii kitu. Tulipofika pale mwalimu akasema, "Shimo, kushoto, kwepa." Mimi nikakwepa hewa. Nusura tuingie mtaroni. Kufika mbele ya shule ya msingi, mafundi wale wale wamejenga tuta jipya, bichi, halina hata rangi. Yeye kimya. Nilikuwa bado nasema moyoni kuhusu shimo, sikulitaja tuta, tukalipanda hivyohivyo na vichwa vyetu vikagonga paa. Akafoka mbona sikusema. Nikamwuliza yeye mbona hakusema. Akagonga dashibodi kwa kalamu niendelee.

Nimepiga hesabu zangu. Ananiambia kwepa pasipo na shimo, ananinyamazia penye tuta. Anataka nikose mbele ya mashahidi ili aandike sifai, na mpwa wake abaki zahanati. Wanadhani nimezaliwa jana.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemsimulia Baba wakati namkausha miguu. Alikuwa karani wa mizani ghalani miaka thelathini, na mpaka leo hanywi chai bila kuangalia ndani ya kikombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema waliokuja kumwibia kwenye mizani walikuwa hawatazami mizani, walikuwa wanamtazama yeye. "Sasa huyo mwalimu wako anatazama wapi?"

Nikafikiri. Nikamwambia hatazami popote.

Baba akasema basi huyo si mwizi, ni kitu kingine.

Jumatano, 10 Aprili

Nilidhani nimekipata hicho kitu kingine. Asubuhi alipapasa kitasa cha gari mara mbili kabla ya kukishika, na aliposhuka alikosea ukingo wa njia akajikwaa. Mlevi, nikasema. Saa moja asubuhi! Nikajifanya natafuta kitambaa, nikamsogelea nikamnusa. Sabuni ya mche, basi.

Ijumaa, 12 Aprili

Barabara kuu? Bado sijaiva.

Jumatano, 17 Aprili

Kaongezwa mwanafunzi anayepanda nikishuka mimi. Ni fundi cherehani wa karibu na zahanati, yule wa mapacha. Mapacha niliwatoa mimi, wa pili akitanguliza makalio, kwa hiyo akiniona hucheka tu. Anataka kujifunza ili aendeshe kigari cha kusambazia sare za shule. Anaogopa gari mpaka mikono inamtoka jasho. Nikamwambia usijali, mwalimu ana breki yake.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimeosha mikono mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Mvua ilikuwa ya kumwaga. Waipa ya upande wangu ilikuwa imekatika mpira, inachora matope tu kwenye kioo. Ya upande wake ilikuwa nzima na kioo chake safi. Nikajipa moyo kwamba yeye anaona. Nikawa nataja kama kawaida, nasema naona mashine, naona mkokoteni, naona watu wamejikinga barazani, na kwenye kona ya mashine bibi mmoja mwenye mwavuli akaingia barabarani. Aliingilia upande wa mwalimu, mbele yake kabisa. Mimi niliuona mwavuli ukiwa tayari kwenye boneti. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likateleza, likageuza kichwa kidogo, likazima. Kati ya goti la bibi na bampa kiganja kingepita kwa shida.

Nikageuka nimwulize huyu mtu ile roho yangu aliyoniahidi iko wapi. Mguu wake haukuwa hata karibu na pedali. Na kabla sijafungua kinywa, yeye ndiye aliyenifokea.

"Umesimama kwa nini? Nani kakwambia simama?"

Nikadhani ananidhihaki. Bibi akaanza kupiga boneti kwa kofi, anatutukana na ana haki. Mwalimu akageuza uso kwenye dirisha la ubavuni, kama mtu anayebishiwa hodi mlangoni.

"Anagonga nani?" akauliza.

Bibi alikuwa mbele yake. Naandika tena ili nisije nikajidanganya baadaye: bibi alikuwa mbele ya pua yake, upande wa pili wa kioo kisafi, amelowa, mdomo wazi, na mwalimu anauliza anagonga nani.

Nikashuka nikamwomba bibi msamaha, nikamvusha. Nikaliendesha gari mpaka nyuma ya ua wa shule, nikazima. Nikamwambia avue miwani. Akakataa. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ni nesi." Akaivua, na kofia nayo akaivua.

Jicho la kulia lina mtoto wa jicho aliyekomaa, mboni nyeupe pe. La kushoto ukilitazama ni zima, lakini halikukifuata kidole changu mpaka nilipokifikisha puani kwake.

Akaniambia yote bila mimi kuuliza sana. Mwaka wa pili sasa. Anaona mwanga na vivuli, watu hapana. Njia aliikariri alipokuwa bado anaona kidogo, kila shimo na kila mti, ndiyo maana hatufiki barabara kuu. Kutaja vitu ulikuwa mtindo wake wa ualimu tangu zamani, kabla macho hayajaharibika, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Wanafunzi wakitaja, anapanga picha kichwani. Nikamwambia mtoto wa jicho hutolewa.

"Najua. Nikiingia hospitali, nikitoka nitakuta gari lina mtu mwingine. Sijagonga hata kuku, mama, miaka thelathini na moja."

Nikamwambia leo ilibaki kiganja kimoja.

Alikaa anaifuta miwani ambayo haimsaidii kitu. Kisha akasema, "Mtihani wako ni tarehe sita. Nikitoka mimi leo, kadi yako inatoka na mimi. Ngoja upate leseni. Halafu sema unalotaka."

Sijui alikuwa ananiomba au ananitisha. Nimekaa nayo jioni nzima na bado sijui. Ninachojua ni kwamba wiki saba nimeendesha gari peke yangu nikidhani tuko wawili. Nilimtuhumu kwa kila kitu isipokuwa hicho, na ndicho kingeua mtu.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimemwogesha Baba. Sikumwambia kitu. Ameniangalia sana.

Jumapili, 28 Aprili

Siku nane tu hadi mtihani. Mzee hajagonga mtu. Masomo yaliyobaki ni matatu, nitamtajia kila kitu, mpaka majani. Baada ya mtihani ndipo niseme. Siku nane si kitu.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia mchana kutwa. Nimeyaandika maneno haya nikiyaona yalivyo mazuri, na kwa kawaida maneno mazuri namna hii nikiyasikia kwa mtu mwingine ninamhukumu mara moja kwamba ni mwongo.

Jumatatu, 29 Aprili

Nilikwenda. Nilitaja kila kitu. Mwalimu alikuwa mpole, hakunitukana hata mara moja, na upole ule ulinichoma kuliko matusi. Tulirudi salama, nikamwonyesha pa kutia sahihi.

Fundi cherehani alikuwa anangoja langoni amejifunika nailoni kichwani. Akanicheka kama kawaida, akapanda, gari likatoka linarukaruka. Nami nililiacha liende. Nataka hili lisomeke vizuri: nilijua, na nililiacha liende. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na miguu, ningeweza kusimama mbele ya lile gari. Nilisimama chini ya bati la lango nikawa nahesabu, sasa wako mashine, sasa wako shule ya msingi na watoto wanatoka mapumziko. Niliwaona mapacha wake wamelala kwenye kapu la vitambaa, kama nilivyowakuta mara ya mwisho dukani. Kila pikipiki iliyokuja kwa kasi nilisema huyo analeta habari.

Dakika arobaini. Waliporudi sikumngoja ashuke. Niliingia ofisini kwa mwenye shule nikamweleza yote, hata habari ya hizo dakika arobaini.

Mwenye shule hakuniamini, akamwita mwalimu. Akaja, akasimama karibu na mlango mkono ukiwa ukutani. Akaulizwa. Akasema ni kweli. Hakujitetea. Mwenye shule akajifunika uso kwa mikono, kisha akasema kadi zote alizosaini mwalimu huyu tangu Januari ni batili, wanafunzi wake wote wataanza upya bure kwa mwalimu mwingine. Masomo kamili ni wiki nane.

Nilipopita mlangoni mwalimu alisogea kunipisha. Namchukia, na nimelia njia nzima kwa ajili yake.

Jumanne, 30 Aprili

Nimemwambia Baba. Alinishika mkono kwa ule wake mzima.

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya mtihani. Nilivaa sare nikaenda kazini, nikazalisha mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Dada wa Chanjo alikwenda kwenye mtihani. Amefaulu.

Jumatano, 8 Mei

Nilidhani atanichukia kwa ajili ya mjomba wake. Amenikuta stoo ninahesabu glovu, akafunga mlango akauegemea kwa mgongo. Nikajiandaa kwa ugomvi, tena nilikuwa nao wa kutosha.

Akasema, "Nilikuwa najua, dada."

Nikaweka boksi chini.

Alijua tangu mwaka jana. Alikwenda somo moja tu kwa mjomba, akaona, ndipo akahamia ile shule nyingine. Akamwambia mama yake, mama akamwonya asithubutu, kwa sababu mjomba ndiye aliyemsomesha unesi mpaka cheti. Alifika kwenye mlango wa mwenye shule mara mbili akarudi. Kisha msimamizi akatangaza habari ya leseni, nami nikauliza nijifunzie wapi.

"Nikasema nimpelekee mtu asiyemwamini mtu yeyote. Wewe nyanya moja unaigeuza mara tatu. Nilijua hutakaa siku kumi bila kugundua. Ukapita mwezi. Kila siku nakuuliza mmefikaje."

"Ulinifanya chambo," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Ningeua mtu."

"Ndiyo, dada."

Hakulia, hakupiga magoti. Ningemfukuza kama angelia. Nilimwambia mambo ambayo siyaandiki hapa, maana mengine yalikuwa ya mama yake. Aliyasikiliza yote. Na sasa nimekaa hapa najiuliza mimi na yeye tunatofautiana nini. Yeye alinyamaza mwaka, mimi nilinyamaza siku tatu na dakika arobaini.

Ijumaa, 10 Mei

Barua imekuja. Jina ni langu. Nianze kazi ng'ambo ya mlima tarehe ishirini.

Jumamosi, 11 Mei

Saa moja asubuhi hodi. Dada wa Chanjo, na beseni lake na kandambili zake. Akasema kwa muda nitakaokuwa huko Baba atakuwa mikononi mwake, asubuhi na jioni, na gari la zahanati lipo akizidiwa. Akasema hakuja kulipa deni, maana anajua halilipiki. Nikamwambia aondoke. Akamwamkia Baba kwanza, ndipo akaondoka.

Jumapili, 12 Mei

Amekuja tena. Nimemwacha aingie, nikasimama nyuma yake nimekunja mikono.

Alianza kwa kupima maji kwa kiwiko. Sawa. Alimgeuza Baba kwa kushika nyonga na bega, si kwa kumvuta mkono mbovu. Sawa. Alimkausha katikati ya vidole vya miguu. Mkono wa kushoto aliuvalisha shati kwanza. Nilitafuta kosa mpaka jicho likaniuma.

Jumanne, 14 Mei

Nilimwambia leo siwezi kuwepo, nikajificha jikoni. Alifanya kila kitu vilevile. Baba alikuwa anajua nipo, nilimsikia anakohoa kikohozi chake cha kucheka.

Alhamisi, 16 Mei

Dawa amempa kwa saa yake. Nimevihesabu vidonge mara mbili. Viko sawasawa.

Mjomba wake atapasuliwa jicho la kulia mwezi ujao. Hataki kusikia jina langu. Lakini amemtuma mpwa wake aniambie kwamba klachi yangu bado mbovu, na huyo mwalimu mpya asinidanganye.

Jumapili, 19 Mei

Mvua imekatika siku ya tatu leo. Begi langu liko mlangoni. Kule mlimani hakuna shule ya udereva, kwa hiyo masomo nitayachukua nikija, kila mwisho wa mwezi siku tatu. Nimekokotoa: nikirudi na leseni, pengine ni mwakani.

Dada wa Chanjo alikuja saa moja kama kawaida, akamwogesha Baba. Leo sikusimama nyuma yake. Nilikaa nje kwenye baraza nikasikiliza maji yanamwagika, Baba ananung'unika, naye anamjibu. Alipomaliza akaenda kuanika taulo uani, nikaingia kuaga.

Baba alikuwa amekaa kitini amevaa shati jeupe, vifungo vyote mahali pake. Nilijikaza nisilie, sikuweza. Akaniacha nilie kidogo. Kisha akanivuta karibu kwa mkono wake mzima, akaangalia kwanza mlango wa uani, akaninong'oneza.

"Mama, huyu binti umemkagua vizuri?"

"Msimu mzima, Baba," nikamwambia, nikachukua begi langu.